Waya Uliokatwa Tumati

Basotu,
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba mdogo Nikolausi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana najua ukisoma umesimama unaruka nusu. Huku hatujambo. Mume wangu Hilary yuko juu ya trekta tangu Januari, mashamba ya ngano hayampi nafasi hata ya kunyoa ndevu. Doris ameanza darasa la kwanza, na wiki ya kwanza tu amemwambia mwalimu wake kwamba taa ya darasani imefungwa vibaya. Nimemgombeza, lakini kusema kweli imefungwa vibaya. Mama nilimpigia Jumatano, akasema mvua imemfurahisha na wewe unamtembelea. Asante kwa hilo. Tangu baba Hermani atutoke, wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Siku hizi masikio yako yanagoma, unaweka simu kwenye spika, na habari zangu zinasikilizwa na foleni nzima ya mashine ya kusaga. Barua nampa kondakta wa gari la Haydom, atazifikisha kwa Benedikta dukani. Zichukue pale.

Sasa neno lenyewe. Shule imenipa kidato cha pili, mkondo wa amali, fani ya umeme na elektroniki. Wanafunzi thelathini na wanne, mita ya kupimia moja, na karakana ambayo mpaka Desemba ilikuwa stoo ya mahindi. Panya bado wanadai ni yao. Mkuu wa shule ameniambia nifundishe kwa chaki kwanza, vifaa vitakuja. Nimemuuliza vitakuja lini, akatazama saa yake. Baba mdogo, mimi sifundishi umeme kwa chaki. Uliponishikisha tochi nikiwa na miaka tisa, wewe uko juu ya dari unavuta waya, ulinichorea nini? Hukunichorea kitu. Ulisema, "Shika hapa, usiguse pale."

Kwa hiyo naomba makorokoro yako yote: soketi zilizopasuka, swichi mbovu, vipande vya waya, testa zilizokufa. Hasa zile taa ndogo za ndani ya testa. Tunatengeneza plagi yenye taa tatu. Ukiichomeka kwenye soketi, taa mbili zikiwaka, nyaya ziko sawa. Ikiwaka moja tu, nyumba haina ethi, yaani umeme ukivuja hauna njia ya kushuka ardhini. Hakifunguliwi kitu, mtoto haguswi na umeme. Likizo ya Aprili kila mwanafunzi ataenda nayo nyumbani kwao, apime, aandike alichokiona.

Mwanao,
Oliva

*

Tumati,
3 Machi 2025

Oliva mwanangu,

Marahaba. Nimesoma nimekaa, uridhike. Hapa sote wazima. Mama yako anapalilia maharage kuliko wasichana, nikimwambia apumzike ananiuliza kama nimepata kazi ya kumpangia kazi. Ndama wangu mweupe ameanza kunyonya vizuri. Msalimie huyo fundi Doris, mwambie babu amesema asiogope mwalimu.

Boksi hilo kondakta atakupa, nimelifunga kwa waya, fungua kwa plaizi. Mna soketi ishirini na kitu, swichi, na testa thelathini na nane zilizokufa mikononi mwangu tangu umeme ufike huku. Nilicheka niliposoma habari ya panya. Waambie wanafunzi wako kwamba mimi nilijifunza kwa kumbebea mfuko fundi mmoja wa mashamba ya ngano, miaka sita, hajanionyesha kitabu hata siku moja. Leo nyumba sitini na mbili za Tumati zinawaka kwa mkono wangu, na kanisa juu yake. Hakuna iliyoungua! Waambie hivyo.

Hiyo kazi ya likizo iache. Watoto wa kidato cha pili kuingia nyumba za watu kupimapima si adabu. Wafundishe mchoro, wafundishe kukaza skrubu, wafundishe kuunganisha waya bila kuuacha uchi. Mambo ya ethi ni marefu, watayakuta mbele.

Mvua imeanza tena, nakwenda kufunika mahindi.

Nikolausi Margwe, fundi

*

Basotu,
4 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumeshukuru kwa boksi, limekuwa sikukuu. Tumepata plagi za taa tatu kumi na moja, zinazofanya kazi kabisa, na moja inayowaka zote tatu wakati wowote, hiyo tumeining'iniza ukutani ituchekeshe. Doris aliumwa mafua, amepona. Hilary amenyoa.

Nilikusikia kuhusu kazi ya likizo. Nimeitoa hivyo hivyo. Usinune kwanza, soma.

Wanafunzi walikwenda wawili wawili na barua yangu kwa wazazi. Huku Basotu wamekuta nyumba nyingine nzima, nyingine hazikuwahi kuwa na ethi, hayo tuliyategemea. Lakini ninaye msichana wa bweni anaitwa Jenifa, kwao ni Tumati, juu ya njia ya zahanati. Huyo hatosheki na kuambiwa. Alipima kwao, taa moja. Akapima kwa jirani, taa moja. Alipima nyumba saba, zote taa moja, na zote wenyewe walimwambia kwa fahari kwamba zimefungwa na Fundi Nikolausi. Akaona haiwezekani fundi yule yule akosee mara saba. Akazunguka nje kutazama. Fimbo ya ethi ipo, imechimbiwa. Waya unashuka ukutani vizuri. Shibiri moja kabla ya kufika ardhini umekatwa.

Nikafikiri ni wezi wa shaba. Lakini Jenifa ameandika hivi kwenye daftari lake, nanakili: "Umekatwa kwa plaizi, ncha zote mbili zimefungwa tepu nyeusi." Baba mdogo, mwizi gani huyo anayefunga tepu? Na waya hajauchukua.

Nyumba ya saba ni ya Mama. Jenifa anasema Mama alimkaribisha maziwa, akamwonya asifungue friji bila ndala kwa sababu linatekenya. Akamwambia, "Shemeji yangu fundi ndiye aliyenielekeza nivae ndala."

Nani amekata nyaya? Nijibu hilo tu, mengine tutayazungumza.

Oliva

*

Tumati,
19 Mei 2025

Oliva,

Nimezipata salamu zako. Hapa tupo.

Umenivua nguo mbele ya watu, na umemtuma mtoto wa jirani kunivua. Anapita nyumba kwa nyumba na plagi yake ya taa, anachomeka, anatikisa kichwa, anaandika! Kichwa cha miaka kumi na sita! Sasa nikienda kusaga naulizwa, "Fundi, eti nyumba zako hazina ethi?" Na wanaouliza hawajui ethi ni mnyama gani. Walichosikia ni kwamba fundi amekosea.

Nani aliileta taa Tumati? Waliosoma walikuja na nguzo, wakapanga nguzo barabarani, wakaondoka. Aliyepanda darini kwenye vumbi na popo ni mimi. Mjane hana cha kunipa, nimemfungia. Padri hajui kutofautisha swichi na ufunguo wa mlango, nimemfungia. Wewe hapo ulipo na cheti chako, plaizi ya kwanza uliyoshika ilikuwa yangu, na mpaka leo ina alama ya meno yako kwa sababu ulikuwa unaing'ata ukifikiri.

Hilo daftari la msichana liondoe darasani. Habari ya waya usiniulize tena. Nina sababu zangu, na wenye nyumba wanajua kwamba niko kwa ajili yao.

Msalimie Doris.

N. Margwe

*

Basotu,
8 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa Hilary kwa sauti, akasema, "Mzee ameumia." Ninajua. Sikukusudia uulizwe mashineni, na kwa hilo nisamehe. Kwa lingine lote siombi msamaha.

Daftari la Jenifa siliondoi. Nimelisoma mbele ya darasa zima, jina lako nimelificha, na nimempa alama za juu kuliko wote, kwa kuwa wengine walipima soketi, yeye alitoka nje kuangalia. Unajua nani alinifundisha kutoka nje kuangalia.

Umeandika "nina sababu zangu." Kwa hiyo ni wewe uliyekata. Nilikuwa naomba isiwe hivyo, kila nikiwaza ile tepu nilikuwa najua. Hakuna fundi mwingine huko anayefunga tepu kwenye waya aliouua.

Likizo hii sitakuja, nimeitwa kwenye kozi ya walimu Babati. Lakini nimemwandikia mkuu wa shule naomba Jumamosi moja ya Agosti nije na wanafunzi kumi na wawili Tumati, kwa mafunzo ya vitendo, tuunganishe ethi zote upya. Amekataa. Anasema shule haina kazi ya kutengeneza vijiji, na matokeo ya mtihani hayapatikani kwenye boma la mtu. Nimemjibu kwamba hao ninaowafundisha watakuwa mafundi au wahandisi, au watakwenda chuo kikuu wakawe wakubwa wa mafundi, na sitawaacha wavuke darasa langu wakijua kuchora fimbo ya ethi bila kuichimbia. Ameniambia niache ukaidi. Nimekwambia haya ujue kwamba sijikazi kwako peke yako.

Wazazi kumi na wawili wameshasaini. Tutakuja, ukitaka au usipotaka. Lakini ninaomba utake. Na mwambie Mama asiguse friji mpaka tutakapofika (mimi nimempigia, anasema atamsikiliza fundi tu), achomoe kabisa, maziwa yagande yakitaka kuganda.

Oliva

*

Basotu,
10 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo.

Benedikta amemwambia kondakta kwamba barua yangu ya Juni ilikaa dukani kwake wiki tatu. Anasema ulikuja kununua sukari, ukaishika, ukautazama mwandiko, ukairudisha kwenye kaunta. Ulirudi tena, ukafanya vile vile. Ndani ya barua hiyo nilikuomba umwambie Mama achomoe friji.

Jenifa amerudi shule juzi. Amenieleza aliyoyakuta alipoingia kwa Mama baada ya kusikia kelele. Mama alikuwa amepiga deki, ndala zimelowa, akashika mlango wa friji. Jenifa anasema mkono ulikuwa umeng'ang'ania, haukuweza kuachia. Alikimbilia swichi kuu akazima, ndipo Mama akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika. Hakumvuta, alizima kwanza. Ningekuwa na cha kumpa mtoto yule ningempa.

Mimi Mama aliniambia kwa simu, "Nimeteleza." Amenidanganya kwa ajili yako! Mwanamke wa miaka sabini na moja, mkono umefungwa plasta, anakulinda wewe na jina lako la ufundi.

Sina maneno ya adabu yaliyobaki, kwa hiyo naishia hapa.

Oliva

*

Tumati,
15 Julai 2025

Mwanangu Oliva,

Marahaba, ingawa sijui kama nastahili. Mama yako anaendelea vizuri. Nimempeleka Haydom mwenyewe, daktari amesema mfupa utaunga. Friji nimelichomoa, nimelibeba mpaka kwangu, liko stoo. Barua zako zote mbili ziko hapa mezani. Ile ya Juni nimeisoma nikiwa nimechelewa.

Nitakueleza, usinikatize.

Unamjua Sebastiani, mwenye ng'ombe wengi kule bondeni. Mwaka 2021 nilimfungia umeme, kazi safi. Fimbo ya ethi niliichimbia kama nilivyofundishwa kule kwenye ngano: shimo, mkaa, chumvi ya kutosha, maji, ili ardhi kavu ipitishe umeme. Kule kwenye ngano hakukuwa na ng'ombe. Huku wapo. Kiangazi kilipokuja waliisikia chumvi. Wakawa wanakuja kulamba pale, wanachimba kwa kwato, mpaka fimbo ikabaki wazi. Sebastiani akawa ananicheka, anasema nimewawekea ng'ombe wake duka.

Siku moja ya Oktoba mkewe aliacha pasi imechomekwa, akatoka. Pasi ilikuwa mbovu, sikujua. Ng'ombe wake mkubwa wa maziwa alikuwa analamba fimbo. Alianguka pale pale, ulimi nje. Niliitwa. Nilipofika wazee walikuwa wamesimama, Sebastiani ananionyesha ule waya tu. Alisema, "Umeleta kitu chako kimeua nyumbani kwangu."

Nilimpa mtamba wangu. Tukakubaliana hadithi isitoke pale, ng'ombe alipigwa na radi, basi. Siku iliyofuata nilianza kuzunguka na plaizi. Kila nyumba yenye ng'ombe karibu nilikata. Nyumba arobaini na moja. Kanisani sikukata, ng'ombe hawafiki. Kwa mama yako nilikata kwa sababu ya wale ndama wake wawili. Nilijiona nimewaokoa watu.

Walipoanza kusema wanatekenywa niliwaambia wavae ndala. Nikajiambia tekenyo si kitu.

Sasa ndiyo nakuuliza, na sikuulizi kwa hasira. Kama ethi ni mlinzi kama mnavyofundisha, kwa nini ilimuua ng'ombe? Miaka minne nalala na swali hilo. Hakuna niliyeweza kumuuliza bila kujitangaza.

Wanafunzi wako sitaki waje. Niadhibu mwenyewe, usiniletee darasa.

Nikolausi

*

Basotu,
27 Julai 2025

Baba mdogo mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, nimeosha uso, sasa naandika. Doris anauliza kwa nini babu ameweka friji stoo, nimemwambia linaumwa. Hilary anakusalimu, anasema huyo ng'ombe angemuua yeyote kwa mawazo.

Swali lako nimelipeleka darasani. Ndiyo, nimelipeleka. Nilichora boma, pasi, waya, fimbo, chumvi, ng'ombe. Nikawauliza: nani muuaji? Walibishana vipindi viwili, kengele ya chakula ililia hakuna aliyetoka. Mvulana mmoja akalalamika kwamba kitabu chetu kizima hakina ng'ombe hata mmoja. Hili ndilo jibu tulilofikia, sikiliza vizuri.

Muuaji ni pasi. Umeme ulivuja kwenye pasi, ethi ikauchukua ikaupeleka nje ardhini, kazi yake iliyowekewa. Mke wa Sebastiani angeishika pasi ile bila ethi, angekuwa yeye ulimi nje. Lakini ardhi yenu ya Oktoba ni kavu, fimbo fupi, umeme ulioshuka ukawa mdogo mno kukata fyuzi. Haukukatika. Ukabaki pale kwenye fimbo unasubiri. Ng'ombe akaja na ulimi wenye maji, miguu minne imetawanyika, umeme ukampitia mwili mzima. Chumvi yako ndiyo iliyomwita, ni kweli. Ila ethi haikukosea. Ilikuwa inakuambia kuna kitu kibovu ndani ya nyumba, na wewe ukaikata ulimi.

Dawa yake ni hii. Fimbo ndefu ipigwe chini sana, bila chumvi, kichwa chake kiwe ndani ya bomba lenye mfuniko, upande ambao ng'ombe hawapiti. Na ndani iwekwe swichi ya kujikata, ile ambayo umeme ukivuja kidogo tu inazima nyumba nzima kabla hujasema "aa." Stoo ya mashamba ya ngano walikuwa wanabadilisha zao, Hilary ameomba zilizotolewa, masanduku mawili. Darasa langu limezipima moja moja. Arobaini na nne zinakata sawasawa.

Sasa na mimi niseme langu, maana umesema lako. Desemba 2022 nilikuja likizo, nikafungua friji la Mama, likanitekenya. Mimi, mwalimu wa umeme. Nilikuwa nimechoka na safari, na mtoto analia njaa. Nilivaa ndala. Sikutoka nje kuangalia, nikaondoka baada ya siku nne, sikumwambia mtu. Barua zote hizi nimekupigia kelele nikijua hilo. Kwa hiyo ukitafuta wa kuadhibiwa, tuko wawili.

Mkuu wa shule amenipa barua ya onyo kwa maandishi, kwa kuandaa safari bila kibali. Nimeisaini nimeipokea, nikamwuliza kama anaweza kunipa nakala ya pili kwa ajili ya safari yenyewe. Tunakuja Jumamosi tarehe 16 Agosti, wanafunzi kumi na wawili. Wewe utakuwa mbele. Sikuiti usimame uombe radhi kwa watoto. Nakuita uwafundishe, uwaonyeshe ulipokata na kwa nini, kwa sababu hakuna mwalimu wa wilaya hizi mbili anayeijua ethi ya nchi yenye ng'ombe kukuzidi. Ukijificha darini tutakuletea ngazi.

Oliva wako

*

Tumati,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu Oliva,

Marahaba na shikamoo zako zote za mbele. Mama yako ametolewa plasta, ameanza kunitishia kwa mkono huo huo. Friji limerudi kwake. Limefungwa swichi yako ya kujikata, na kila asubuhi anabonyeza kile kitufe cha kujaribia, nyumba inazima, anacheka peke yake. Nimemwambia mara moja kwa mwezi inatosha. Hasikii.

Jenifa amemwandikia mama yake kwamba mliporudi mkuu wako amechukua ufunguo wa karakana. Fundishia nje. Ukuta wa nje una nafasi kuliko ule wa ndani, na panya wataona wameshinda mapema. Nami nimemwandikia barua, nimeweka jina langu kamili. Nimemwambia kwamba nyumba arobaini zilikuwa zinangoja kuua, kwamba mwenye kosa hilo ni mimi, na kwamba mwalimu aliyeonywa ndiye aliyelifuta. Kama onyo lina mahali pa kwenda, nimempa anuani yangu.

Sasa nikueleze ya baada ya ninyi kuondoka. Siku ile mlifunga nyumba arobaini, makundi sita mpaka usiku kwa tochi, na nikasimama mbele ya watoto kama ulivyotaka, na sauti ikanitoka. Ya arobaini na moja, mliona wenyewe, Sebastiani alifunga lango. Alisema fimbo haitachimbiwa tena bomani kwake mpaka afe. Wewe ulisema tumwache atulie. Nimemwacha siku tatu.

Jumatano nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mkewe anapiga pasi. Amesimama juu ya gunia kavu, Oliva. Nilimwelekeza mimi hivyo, miaka minne iliyopita, akawa ametii miaka yote hiyo. Nikamwambia Sebastiani yote uliyonifundisha, pasi, ardhi kavu, chumvi. Akasema, "Nikolausi, tulikubaliana kunyamaza. Ng'ombe ulinilipa. Nenda." Nikamwambia ng'ombe nilikulipa, huyu mke akifa utanidai nini? Akaniambia nisimtaje mke wake.

Basi nikaenda kwenye swichi kuu, ambayo nilifunga kwa mkono wangu, nikaizima, nikachomoa fyuzi, nikatia mfukoni. Televisheni ikazima katikati ya mpira. Vijana wakapiga kelele, Sebastiani akasimama na fimbo yake ya kuchungia. Nikamwambia: "Nilipokata waya ulinyamaza, kwa sababu hukuona giza. Sasa nimekata vyote, piga kelele. Siku utakayofungua lango, nitairudisha fyuzi na nitachimba mwenyewe."

Hakunipiga. Amenishtaki baraza la kata. Mashtaka ni wizi wa fyuzi na kuvunja makubaliano. Mwenyekiti alikuja jana kuniomba nirudishe kimya kimya yaishe, kwa maana nikifika barazani nitaulizwa makubaliano gani, na watu watajaa, na habari ya radi itajulikana ilikuwa uongo. Anasema ananihurumia, nitapoteza jina langu Tumati nzima kwa asubuhi moja.

Nimemwambia awaarifu watu waje wengi. Kesho Jumatatu saa tatu nitasimama, niseme nilichokata, nilichodanganya, na kwa nini sirudishi. Mkewe Sebastiani ametuma neno kwamba naye atakuja. Fyuzi ninayo hapa mezani nikiandika. Wakinifunga, nitaingia nayo.

Nikolausi Margwe,
fundi